Mbao imepanda mita 23 au sentimita 11.5? Swali la nishati na momenta limetugawa kikundini

BARUA

Shikamoo mwalimu,

Mi ni binti, niko fom faivu PCM (fizikia, kemia na hesabu) shule moja ya hapa hapa Mwanza, nakaa Buhongwa kwa kaka yangu mkubwa na wifi. Naomba unisaidie maana hili swali limeshageuka ugomvi, kuna watu kikundini hawaongeleshani.

Tuna kikundi chetu cha diskasheni, tunakutana jumamosi kusolvu maswali ya fizikia na hesabu. Juzi ticha alitupa hili: risasi ya gramu 10 imepigwa kimlalo kwa spidi ya mita 300 kwa sekunde, ikaingia kwenye kipande cha mbao cha kilo 1.99 kilichoning'inizwa kwa kamba ya mita 1.5, ikabaki humo humo ndani ya mbao. Mbao na risasi vitapanda kimo gani?

Basi wenzetu watatu wakasema nishati haipotei, sheria iko wazi, kwaiyo nishati mwendo yote ya risasi inageuka kuwa nishati ya kimo, wakaandika ½mv² sawa na mgh (m ni masi, v ni spidi, g ni mvutano wa dunia 9.8, h ni kimo) wakapata mita 22.96, yaani kama 23. Mimi na mwenzangu mmoja tulianza na momenta, yaani masi mara spidi, kwanza ndo tukaja kwenye nishati, kwa sababu tuliona mfano wa namna hiyo kwenye daftari la dada mmoja aliyemaliza mwaka jana, tukapata sentimita 11.5. Tulivyopeleka ticha akatupa sisi vema, wenzetu kosa, akawaambia "someni masharti ya sheria" akaenda zake darasa lingine. Simlaumu, tuko wengi sana darasani na ana vipindi kibao.

Shida yangu mwalimu ni kwamba mimi mwenyewe niliyepewa vema sijui kwa nini niko sahihi. Wenzangu wakaniuliza, haya wewe, risasi imekuja na jouli 450, kwenye jibu lako baada ya kugonga zimebaki jouli 2.25, hizo nyingine ziko wapi? Nikakaa kimya. Alafu mmoja akaongeza, kama momenta ndo haipotei, mbona mbao ikifika juu inasimama, pale momenta si ni sifuri, imeenda wapi na yenyewe? Hapo pia sikuwa na la kusema.

Kaka yangu nilipomwambia akasema fizikia yote ni kukariri tu, kariri kwamba ukiona risasi na mbao unaanza na momenta basi, na kama inanishinda nihamie EGM (uchumi, jiografia na hesabu) mapema. Mi sitaki kuhama. Nataka kusomea injinia wa meli, toka nilivyokuwa naiona ile MV Mwanza inajengwa pale Mwanza Kusini nimekuwa na hilo wazo moja tu. Lakini kukariri kitu nisichokielewa kunanikosesha usingizi, na mtihani wa fom siksi hautaleta risasi na mbao kila siku.

Nisaidie nijue lini natumia nishati, lini momenta, na hizo jouli ziko wapi.

Binti wa PCM, Buhongwa


JIBU

Marahaba binti yangu. Kwanza nikupe ulichotaka kabla ya maneno mengi: sentimita 11.5 ni sahihi, mita 23 haiwezekani kabisa, na wala huhitaji fizikia ya fom faivu kuliona hilo. Angalia kamba. Kamba ina mita 1.5. Kitu kilichofungwa kwenye kamba ya mita 1.5, hata kikizunguka mpaka kikae juu kabisa ya msumari, kitakuwa kimepanda mita 3 tu kutoka kilipoanzia. Mita 23 ni juu ya paa la ghorofa sita, hiyo kamba imefikaje huko? Kwaiyo kabla hamjagombana kuhusu sheria, mzoee kuliuliza jibu lenyewe kama linakaa kwenye dunia hii. Wenzako hesabu yao ya kuzidisha na kugawanya iko safi tu, sheria nayo ni ya kweli, ila wameitumia mahali ambapo masharti yake hayapo, na ndo hicho ticha alichowaambia japo hakukaa kufafanua.

Sasa tuje kwenye mzizi. Watu wengi wanafundishwa momenta na nishati mwendo kama ndugu mapacha, mv huku ½mv² kule, basi mtoto anaona ni fomula mbili za kitu kimoja anachagua ile anayoikumbuka. Sio kitu kimoja. Momenta inakwambia kani ikisukuma kitu itachukua MUDA gani kukisimamisha. Nishati mwendo inakwambia kani hiyo hiyo itasukuma UMBALI gani mpaka kisimame. Muda na umbali, hapo ndo tofauti ilipo, mengine yote yanatoka hapo.

We umesema unapenda meli, basi tuchukue meli. Tuseme meli ya tani 3,000 inasogelea gati taratibu kwa sentimita 20 kwa sekunde, mwendo ambao mtoto anayetambaa anaipita. Alafu tuchukue bodaboda na dereva wake, jumla kilo 200, inatoka Igoma inakuja mjini kwa mita 20 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 72 kwa saa. Piga hesabu ya nishati: meli ina jouli 60,000, boda ina jouli 40,000. Umeona? Hazijaachana sana. Sasa piga momenta: boda ina 4,000, meli ina 600,000, mara mia na hamsini.

Maana yake nini kwa mtu aliyesimama pale gatini? Chukua kani moja, newton 500, tuseme ni mwanaume mwenye nguvu zake anasukuma kwa mwili wote, umwambie asimamishe vyote viwili. Boda ataisimamisha kwa sekunde 8, ikiwa imetembea mita 80. Meli ataisimamisha ikiwa imetembea mita 120, sio mbali sana na zile 80, ila itamchukua sekunde 1,200. Dakika ishirini anasukuma bila kupumzika! Ndo maana meli inayoonekana kama imelala inaweza kumponda mtu kwenye gati kabla hajajua kinachoendelea, na ndo maana wanaweka matairi pembeni. Wewe injinia mtarajiwa hili liweke kichwani, utaishi nalo.

Haya turudi kwenye mbao yenu, tuingie ndani kabisa risasi inapopita.

Risasi inapozama, mbao inaisukuma risasi nyuma, na risasi inaisukuma mbao mbele, kani ni ile ile sawasawa, ni sheria ya tatu ya Newton mliyoisoma toka O-level. Na zinaanza pamoja zinaisha pamoja. Yaani muda ni uleule kwa wote wawili. Kani sawa, muda sawa, basi momenta ambayo risasi imeipoteza ndo hiyo hiyo mbao imeipata, haiwezi kuzidi wala kupungua hata kidogo. Hiyo ndo sababu momenta inasimama hapa, sio kwa kuwa kitabu kimesema.

Lakini umbali je? Hapo sio sawa hata kidogo. Tuseme risasi imezama sentimita 6 ndani ya mbao na kani tuichukulie haibadiliki njiani. Ukipiga hesabu inachukua sekunde 0.0004 mpaka risasi na mbao ziwe na spidi moja. Katika huo muda mfupi hivyo mbao yenyewe imesogea milimita 0.3 tu, unene wa karatasi chache za daftari lako. Risasi imetembea sentimita 6 na hizo milimita 0.3 juu yake. Kani iliyokuwepo ni kama newton 7,460. Sasa zidisha kani na umbali: mbao imefanyiwa kazi ya kama jouli 2.2, risasi imenyang'anywa kama jouli 450. Kani ile ile, muda ule ule, umbali tofauti mara mia mbili. Nishati aliyotoa mmoja sio aliyopokea mwenzie, na hakuna sheria yoyote iliyovunjwa.

Hapo ndo unawajibu wenzako jouli 447.75 ziko wapi. Ziko kwenye zile sentimita 6. Risasi imechana nyuzi za mbao, imesuguana na kuta za tundu, imebonyea yenyewe, ikatoa na kishindo, na karibu yote mwisho wake imekuwa joto. Haijapotea popote, imeacha tu kuwa mwendo. Na wala usishangae kwamba hakuna aliyeona joto lolote, jouli 448 sio nyingi kwenye kupasha, ukiziweka zote kwenye glasi ya maji ya robo lita maji yatapanda hayafiki hata nusu nyuzi ya Selsiasi. Nishati inayoonekana kubwa sana ikiwa kwenye mwendo, ikigeuka joto inaonekana ndogo, ndo maana watu kwa miaka mingi walidhani imetoweka.

Kwaiyo swali lenu lina vipande viwili na mnatakiwa mlikate kwa kisu pale risasi inapoacha kuzama.

Kipande cha kwanza, kugonga. Momenta kabla ni 0.01 × 300 ambayo ni 3. Baada ya hapo kuna kitu kimoja cha kilo 2, kwaiyo 2 × V = 3, V ni mita 1.5 kwa sekunde. Nishati mwendo hapa usiiguse kwa sababu kuna msuguano na uharibifu ndani ya mbao. Kipande cha pili, kubembea. Risasi imeshatulia ndani, hamna tena kinachochanika, sasa nishati inakubali: ½V² = gh, h ni 2.25 gawanya kwa 19.6 (yaani 2g), inakuja mita 0.115. Basi. Mistari miwili hiyo, na kwenye mtihani kabla ya kila mstari andika kwa maneno sharti lako, "wakati wa kugonga hakuna kani ya nje kimlalo", "wakati wa kubembea mkazo wa kamba haufanyi kazi". Anayesahihisha aone kwamba unajua kwa nini umeandika hiyo fomula na sio nyingine.

Sasa yule mwenzako wa momenta kuwa sifuri kule juu. Huyo mwenzako ana akili sana, mwambie nimesema, maana ni swali zuri kuliko la kwanza. Momenta haibadiliki pale tu ambapo hakuna kani ya nje inayosukuma. Wakati wa kugonga kamba iko wima, kumbuka mbao imesogea milimita 0.3 tu, kwaiyo kamba inavuta juu na uzito unavuta chini, kimlalo hakuna anayegusa. Lakini mbao ikishaanza kupanda kamba inalala pembeni, na kamba iliyolala inavuta pembeni pia, inairudisha mbao nyuma. Hiyo ni kani ya nje. Momenta ya mbao inakwenda kupitia kamba mpaka kwenye msumari, kwenye ukuta, kwenye nyumba, mpaka kwenye dunia yenyewe, ambayo kwa ukubwa wake haionekani kusogea. Kwaiyo kwenye kubembea momenta ya mbao ndo hairuhusiwi, na nishati ndo inaruhusiwa kwa sababu kamba muda wote inavuta kwa pembe mraba na njia ya mbao, na kani inayovuta kwa pembe mraba haifanyi kazi yoyote, haiongezi jouli wala haipunguzi. Kipande cha kwanza momenta ndiyo nishati mwendo hapana, kipande cha pili kinageuka kinyume kabisa. Ni swali lililotungwa kwa ufundi sana ndo maana halijafa mpaka leo.

Na wala sio la leo. Aliyelianzisha ni Mwingereza Benjamin Robins mwaka 1742, na hakuwa anatungia mtihani mtu. Enzi hizo hapakuwa na saa ya kupima kitu kinachopita kwa mamia ya mita kwa sekunde, yeye akaona kama huwezi kuipima risasi, mpe mzigo mzito aupige, mzigo utabembea taratibu, upime huo, alafu urudi nyuma kwa hesabu mpaka kwenye risasi. Yaani swali lenu yeye alilisoma kutoka mwisho kuja mwanzo. Na kabla yake na wakati wake wakubwa wa Ulaya walikuwa wanabishana miaka na miaka hicho hicho mnachobishana nyie, kipimo cha kweli cha mwendo ni mv au ni mv². Wafuasi wa Mfaransa Descartes upande wa mv, wafuasi wa Mjerumani Leibniz upande wa mv². Mholanzi mmoja anaitwa 's Gravesande akawa anadondosha vitufe vya shaba kwenye udongo laini, akaona kitufe kikija kwa spidi mara mbili kinachimba shimo mara nne. Aliyelishika jambo hilo akalitetea kwa nguvu sana ni mwanamke, Émilie du Châtelet wa Ufaransa, huyo huyo aliyetafsiri kazi kubwa ya Newton kwenda Kifaransa. Nimemtaja kwa makusudi kwa sababu najua kwenye darasa lako la PCM wasichana mko wachache. Wale wote walikuwa na haki upande wao, mmoja alikuwa anaongelea muda mwingine anaongelea umbali.

Kuna upande mwingine ambao wenzako wa mita 23 hawajaufikiria. Wanadhani kwenye tukio nishati mwendo inaweza kubaki au kupungua tu. Nenda mwaloni Kirumba asubuhi mitumbwi inapoingia na dagaa, usimame uangalie miguu ya watu. Atakuja mmoja ana haraka, mtumbwi haujafungwa kamba, anaruka kwenda kwenye mawe, na mtumbwi unarudi nyuma ziwani, na asipojua anaishia majini kiunoni na beseni lake. Tuseme ana kilo 60, mtumbwi na mizigo yake kilo 120, wote walikuwa wametulia. Karuka kwa mita 2 kwa sekunde kwenda mbele, basi mtumbwi lazima urudi nyuma kwa mita 1 kwa sekunde, 120 huku na 120 kule, jumla sifuri kama mwanzo. Momenta imetulia pale pale. Nishati mwendo je? Mwanzo sifuri, sasa jumla jouli 180. Imeongezeka! Zimetoka kwenye misuli ya mapaja yake, kwenye ugali alioula jana. Kwaiyo unaona nishati mwendo inaweza kupungua kama kwenye mbao, inaweza kuongezeka kama kwenye mtumbwi, na inaweza kubaki kama kwenye gololi mbili za kioo zikigongana, pale karibu yote inarudi ndo maana gololi moja inasimama na ya mbele yake inaondoka na spidi karibu ile ile. Momenta kwenye hayo matukio yote matatu iko vilevile. Hiyo ndo inajibu swali lako la lini utumie nini. Kugongana, kuruka, kulipuka, kushikana, vitu vinavyotokea kufumba na kufumbua, anza na momenta, alafu jiulize kama umeambiwa lolote kuhusu nishati. Kupanda, kushuka, kubembea, kuteleza pasipo msuguano, pale ambapo kitu kinaenda taratibu na hakuna kinachoharibika, tumia nishati. Na swali likiwa na vyote viwili likate vipande, kila kipande na sheria yake. Kaka yako anasema ukariri, lakini akija mtungaji akaweka gari dogo na spring badala ya risasi na mbao utakariri nini? Wewe uliza tu, hapa kuna kani ya nje? Hapa kuna kinachogeuka joto? Maswali hayo mawili yanatosha kwa kila kitu watakachokuletea kwenye sura hii.

Mi ningependa sana hili mlifanye kwa mikono, kikundi chote, pamoja na hao wasioongeleshana. Mnahitaji manati, udongo wa mfinyanzi, kopo tupu la maziwa, kamba na rula, na mizani ya duka lolote la jirani. Jaza udongo kwenye kopo, lining'inize kwa kamba ya mita 1, mdomo wa kopo uangalie pembeni, funga kamba mbili pande zote ili lisizunguke. Finyanga kidonge cha udongo, kikiwa na gramu 20 na kopo na udongo wake gramu 480 hesabu inakuwa nyepesi. Mmoja apige kwa manati kutoka karibu kabisa, hatua mbili tatu, wengine wote wakae NYUMA yake, hakuna mtu upande wa kopo na hakuna kuku wa jirani. Kidonge kikinasa, kopo litabembea, mwenye rula aangalie limesogea pembeni kiasi gani. Tuseme sentimita 25. Kwa kamba ya mita 1 maana yake limepanda kama sentimita 3.2, hiyo ni Pythagoras tu. Kutoka hapo V ni kama mita 0.79 kwa sekunde, na kidonge kilikuja kwa mara 25 ya hiyo, karibu mita 20 kwa sekunde. Mmeipima spidi ya manati bila saa, kama Robins.

Alafu pigeni nishati. Kidonge kilikuja na karibu jouli 3.9, baada ya kunasa zimebaki kama 0.16. Gawanya, utaona imebaki asilimia 4. Sasa gawanya masi ya kidonge kwa masi ya jumla, gramu 20 kwa 500. Asilimia 4. Rudi kwenye mbao yenu, 2.25 gawanya 450 ni nusu asilimia, na gramu 10 kwa gramu 2,000 ni nusu asilimia. Sio bahati, jaribuni kuionyesha kwa herufi m na M, ni mistari mitatu tu, na mkiionyesha hamtagombana tena kuhusu jouli zilizoenda kwa sababu mtakuwa mnajua zinaondoka ngapi kabla hata hamjaanza swali.

Kuhusu ticha wako. Kakupa vema na kakuambia sehemu ya kutafuta, ni nusu ya msaada, nusu nyingine lazima uifuate. Usimfuate na "mwalimu sijaelewa momenta", mtu mwenye vipindi kibao hilo hana pa kulishika. Mfuate na karatasi yako, hatua zote zimeandikwa, na kidole kiwe kwenye mstari mmoja: "mwalimu, hapa nimeandika momenta iko sawa kabla na baada, naomba kujua kwa nini mkazo wa kamba hauhesabiki." Hilo analijibu amesimama mlangoni, kwa dakika mbili, na kesho yake atakukumbuka. Ukipata walimu wa namna hiyo hata wa mtaani, hata kaka aliyemaliza chuo anayesubiri ajira hapo Buhongwa, wafuate hivyo hivyo, na karatasi, sio na mikono mitupu.

Na kaka yako mwambie kwa heshima kwamba huhami. Mtu aliyepata jibu sahihi akakosa usingizi kwa sababu hajui kwa nini ni sahihi, huyo ndo anatakiwa abaki PCM, na tena ndo ninayetaka achore meli zitakazobeba watu kwenda Bukoba na Ukerewe.

Jumamosi hii nendeni na hili: risasi ile ile, mbao ile ile ya kilo 1.99, lakini safari hii risasi haikubaki ndani, imetoboa ikatokea upande wa pili ikiwa na mita 100 kwa sekunde. Mbao itapanda kimo gani, na jouli ngapi zimegeuka joto? Kimo kije karibu sentimita 5, joto kama jouli 399. Mkipata zaidi ya hapo angalieni kama mmeikumbuka momenta ambayo risasi imeondoka nayo.